Kunyoa kwa Wembe wa Pande Mbili: Jinsi ya Kupunguza Gharama Bila Kujichanachana

Mtu akisikia tu kwamba nanyoa kwa wembe wa kizamani, maswali huwa yale yale. Hautanikata? Mmoja unanyoa mara ngapi? Unaweza kunolewa? Mbona shingo yangu inawaka moto? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyakusanya hapa kwa mpangilio ambao ningependa kuelezwa mimi mwenyewe siku ya kwanza.

Kuna jambo wengi hulielewa kinyume. Akiba haitokani na kung'ang'ania wembe mmoja mpaka uanze kung'oa ndevu badala ya kuzikata. Wembe ndio kitu rahisi kuliko vyote katika shughuli hii. Unaokoa pesa kwa kuachana na vile vichwa vya plastiki vya kuchomeka, kwa kutunza mashine ya kushikia wembe idumu miaka, na kwa kutodanganyika na vikorokoro. Ukiufanyia wembe ubahili, ngozi ndiyo italipa.

Tofauti ya bei ina sababu. Kichwa cha kuchomeka huingia kwenye mpini wake tu, kwa hiyo ukishanunua mpini umeshafungwa. Wembe wa pande mbili hauna mwenyewe. Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza mashine zake mwaka 1903, akapata hataza (haki ya pekee ya kutengeneza alichobuni) mwaka 1904, na hataza hiyo ilishakufa zamani. Leo viwanda vingi vinatengeneza wembe wa umbo lilelile, wenye unene wa milimita 0.1 hivi, na karibu kila wembe unaingia kwenye karibu kila mashine.

Piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kununua chochote. Ukinyoa mara tatu kwa wiki, ni mara 156 kwa mwaka. Wembe mmoja ukikunyoa mara tano, utahitaji nyembe 32 hivi. Zidisha kwa bei ya wembe mmoja unakonunua wewe, kisha linganisha na unachotumia sasa. Kama unanyoa mara moja kwa wiki mbili, sitakudanganya: akiba itakuwa ndogo, na huenda mashine ikachukua muda mrefu kurudisha gharama yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya wembe wa pande mbili. Simaanishi ile ya umeme; ni mpini wenye kichwa cha kubania wembe. Ipo ya vipande vitatu (kifuniko, bamba la chini na mpini) na ipo ya milango miwili inayofunguka juu ukizungusha mpini. Anza na ya vipande vitatu: ni rahisi kusafisha na haina cha kuharibika. Chagua iliyo pole, ambayo makali hayajitokezi sana.
- Nyembe za aina tatu au nne, pakiti ndogo ndogo. Usinunue pakiti ya 100 kwanza. Wembe unaomfaa rafiki yako unaweza kukuparura wewe.
- Sabuni ya kunyolea, ya kipande au ya krimu. Sabuni ya kuogea haifai, povu lake hukauka ukiwa bado shavu la kwanza.
- Brashi ya kunyolea. Ya nyuzi za plastiki inatosha kabisa, tena hukauka haraka.
- Kipande cha shabu, ile ile nyeupe inayofanana na barafu. Kinakaa muda mrefu mno.
- Kopo la bati lenye mfuniko, la kutupia nyembe zilizokwisha.

Basi. Stendi ya kutundikia, bakuli maalumu, losheni ya kabla na losheni ya baada, hivyo ni mapambo. Nimeona watu wakihamia wembe wa kizamani ili waokoe pesa, halafu baada ya miezi sita wana mashine tano na sabuni kumi na mbili.

Kuhusu mashine yenyewe, uliza imetengenezwa kwa madini gani. Nyingi za bei nafuu ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyopakwa kromu. Zinanyoa vizuri, lakini zikianguka kwenye sakafu ya vigae uzi wa skrubu huvunjika, na kromu ikibanduka hazitengenezeki. Ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi ila unaweza kumrithisha mwanao. Mashine kuukuu ya shaba, ikiwa haijapinda na inabana wembe sawasawa, ni ununuzi mzuri kuliko mpya ya zinki. Ioshe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, isugue kwa mswaki wa zamani, kisha ipitishie spiriti.

Hatua za kunyoa

1. Zijue ndevu zako zinalala wapi. Acha siku mbili bila kunyoa, kisha pitisha kiganja usoni pande zote. Upande ambao kiganja kinateleza ndiko zinakolala. Unakokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni kwa kawaida zinashuka. Shingoni ndiko kwenye vituko: upande mmoja zinapanda, mwingine zinalala kuelekea sikioni, na mara nyingine zinalala kwa kuzunguka duara chini ya taya. Chora kwenye karatasi ikibidi. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia yanatokana na kuruka hatua hii.

2. Lowesha. Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa zako tia maji, walikuwa na lao, lakini kwenye kunyoa kwenyewe ushauri huo ni wa kufuata neno kwa neno. Unywele mkavu ni mgumu; ukinywa maji hulainika na kukatika kwa nguvu kidogo. Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo lenye maji ya uvuguvugu usoni kwa dakika mbili au tatu. Hatua hii haigharimu kitu na ndiyo inayorefusha maisha ya wembe kuliko nyingine yoyote.

3. Weka wembe. Fungua mashine, shika wembe kwenye ncha zake fupi mbili, usiguse pande ndefu. Ulaze kwenye kifuniko, weka bamba, kaza mpini. Itazame kwa mbele: makali yajitokeze sawa kulia na kushoto. Kama upande mmoja umezidi, legeza, urudishe katikati, kaza tena. Usijaribu ukali kwa kidole. Najua utashawishika.

4. Piga povu. Lowesha brashi, ikung'ute, isugue kwenye sabuni kwa nusu dakika, kisha paka usoni kwa kuzungusha huku ukiongeza maji matone machache machache. Wanaoanza huweka maji kidogo mno. Povu zuri linang'aa kama rangi mbichi na linateleza ukiligusa kwa vidole viwili. Likiwa zito na jeupe kama pamba, bado lina kiu. Likichuruzika, umezidisha.

5. Tafuta mwinamo. Weka kichwa cha mashine shavuni ili kifuniko ndicho kiguse ngozi, mpini ukiwa umeelekea nje kabisa. Sasa shusha mpini taratibu huku ukivuta kidogo kidogo. Kuna mahali utasikia makali yameanza kukata: hapo ndipo. Wembe unakuwa umeinama kama nyuzi 30 na ngozi. Tumia masikio pia, kwani mwinamo ukiwa sahihi ndevu hutoa sauti ya kukwaruza ya wazi wazi. Ukisikia kimya, ama umeinua mno ama wembe umekwisha.

6. Raundi ya kwanza: fuata ndevu zinavyolala. Usigandamize. Narudia kwa sababu hili ndilo kosa la wote, na langu pia. Wiki yangu ya kwanza nilishika mashine kama nilivyozoea kushika ile ya plastiki, nikatoka na michirizi miwili kwenye taya iliyochukua siku kadhaa kupona. Vichwa vya plastiki vimezoesha mikono yetu kusukuma. Mashine ya chuma ina uzito wake. Ishike mwishoni mwa mpini kwa vidole vitatu, iache ishuke kwa uzito huo.

Vuta mivuto mifupi, sentimita mbili au tatu. Baada ya mivuto mitatu minne, geuza upande wa pili, kisha zisuuze zote mbili kwa maji. Usigonge mashine kwenye ukingo wa sinki, utaharibu vyote viwili. Anza na mashavu kwa sababu yako bapa, halafu shingo, na malizia na kidevu na juu ya mdomo, sehemu ambazo zimekaa na povu muda mrefu zaidi na zimelainika. Kwenye taya nyoosha ngozi kidogo kwa mkono mwingine. Kwenye kikoromeo isogeze ngozi pembeni, uinyoe ikiwa juu ya sehemu bapa.

Kamwe usisogeze wembe kwa ubavu, kama mtu anayekata mkate. Hapo ndipo majeraha ya kweli hutokea.

7. Raundi ya pili, ukitaka. Paka povu tena, kila mara, wembe usipite pakavu. Nyoa kukatiza, yaani kutoka sikioni kuelekea puani. Wapo wanaoongeza raundi ya tatu ya kwenda kinyume na ndevu ili uso uwe laini kabisa. Kwa mwezi wa kwanza iache. Wenye nywele za kipilipili na wanaosumbuliwa na vipele waiache kabisa: unywele uliokatwa kwa chini mno hujikunja, ukaingia tena kwenye ngozi, na ndicho kipele chenyewe. Kwa watu hao raundi moja ya kufuata ndevu, bila kuvuta ngozi, ndiyo dawa. Pia ndiyo maana wembe mmoja huwafaa kuliko kichwa chenye nyembe tano, ambapo wa kwanza huinua unywele na wanaofuata huukatia chini ya ngozi.

8. Maji baridi, kisha shabu. Suuza uso, lowesha shabu na uipitishe kote, subiri nusu dakika, suuza. Inazuia damu kwenye mikwaruzo midogo. Zaidi ya hapo ni mwalimu mkali: panapowasha ndipo ulipogandamiza. Kama shabu inawasha shingo ya kulia kila mara, tatizo liko kwenye mkono wako upande huo, si kwenye wembe.

Kwa miguu na kichwa hatua ni zilezile. Kwapani tu ndiko ndevu, samahani, nywele zinalala pande zote, kwa hiyo inua mkono juu na nenda polepole.

Kutunza wembe

Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa mara 50 hivi, na bado wembe unakuwa butu. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walichapisha maelezo yake mwaka 2020: unywele ukijipinda pembeni mwa makali, mahali ambapo chuma hakiko sawasawa, makali humegeka vipande vidogo sana. Juu ya hapo ongeza maji yanayobaki yakila ule ukingo mwembamba. Kumegeka huwezi kukuzuia. Maji unaweza.

1. Ukimaliza, legeza mashine nusu zamu na uisuuze kwa maji yanayotiririka hadi sabuni na nywele zitoke.
2. Ikung'ute kwa nguvu. Unaweza kuizamisha sekunde chache kwenye spiriti, ambayo huondoa maji na kukauka yenyewe.
3. Usipanguse makali kwa kitambaa. Utajikata, utaharibu makali, utatoboa taulo.
4. Ihifadhi nje ya bafu, mahali penye hewa. Mvuke wa kila siku wa bafuni unaharibu wembe hata siku usizonyoa.
5. Hesabu matumizi. Nyembe nyingine zimechapwa namba 1 hadi 4 kwenye pembe, na unaweza kuzitumia kukumbuka umefika wapi. Kama hazina, andika kwenye kalenda.

Wengi wanapata mara tatu hadi saba kwa wembe mmoja. Ndevu ngumu, mara tatu. Ukianza kuhisi unavuta, utupe siku hiyo hiyo, hata kama ni mara ya pili. Mimi husimama kwenye tano bila kusubiri dalili.

Sasa lile swali la kunoa. Enzi za nyembe za chuma cha kaboni watu walizinoa kwa kuzisugua ndani ya bilauri, na ilikuwa inasaidia. Nyembe za leo zina mipako myembamba ya kromu, platinamu au plastiki inayoteleza kwenye makali. Ukisugua unaibandua, na unabaki na wembe mbaya kuliko ulivyoanza nao. Usijisumbue.

Na wembe hauazimwi. Kuna msemo wa mtaani kwamba wembe ni ule ule. Kwenye kunyoa ule ule ni wako peke yako. VVU na virusi vya homa ya ini aina ya B na C huweza kupita kwa tone la damu usiloliona, na kuusuuza kwa maji hakutoshi. Mpini mnaweza kugawana mkiuosha na kuupitishia spiriti, wembe hapana, hata na kaka yako.

Kopo la bati toboa tundu jembamba kwenye mfuniko, tumbukiza nyembe zilizokwisha humo. Likijaa, lizibe kwa utepe wa gundi na uandike juu kilichomo. Usitupe wembe mtupu kwenye pipa, kwa sababu kuna mtu atakayeshika mfuko huo kwa mikono.

Na wembe wa kukunja je?

Huu, wa makali marefu yanayokunjwa ndani ya mpini, ndio unaosifiwa kwamba hununui kitu tena maisha. Ni kweli, ila hesabu yote. Mbali na wembe unahitaji ukanda wa ngozi wa kupigia, na ama vinoo vya ulaini wa 1000, 4000, 8000 na 12000 (namba ikikua, kinoo ni laini zaidi), ama mtu wa kumlipa akunolee. Ukijumlisha hivyo, pengine ungenyoa miaka mingi kwa wembe wa pande mbili. Nunua kwa kuupenda, si kwa akiba.

Ukiamua, zingatia haya machache. Nunua ulionolewa tayari. Wembe mpya wa kiwandani mara nyingi haujafikia ukali wa kunyolea uso. Kabla ya kila kunyoa, upige kwenye ukanda mara 30 hadi 50, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho ugeuze kwa kuuzungushia mgongo, makali yasiinuke kuelekea ngozi. Ukigeuza vibaya mara moja tu, ukanda umechanika. Baada ya kunyoa ukaushe vizuri, na kama utakaa wiki bila kuutumia, upake mafuta mepesi ya cherehani, kwani wengi ni wa chuma kinachoshika kutu upesi. Kinoo chenyewe utakihitaji kila baada ya miezi michache tu.

Kinyozi anayetumia kishikio cha kubania nusu wembe hana haja ya haya yote: anavunja wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake, anaweka nusu, na anabadilisha kwa kila mteja. Hakikisha umeuona ukifunguliwa.

Mambo yakienda kombo

*Ngozi inawaka baada ya kunyoa.* Umegandamiza, au umepita palepale bila povu. Pumzika siku mbili, rudi na raundi moja tu.

*Wembe mpya unavuta.* Tazama kama umeukaza sawasawa na kama ndevu zimelowa. Ukivuta tena mara ya pili, jaribu aina nyingine.

*Upande mmoja unanyoa vizuri, wa pili hauna maana.* Wembe umekaa upande. Fungua, ukae katikati, kaza. Ikiendelea na kila wembe, bamba limepinda, na hapo hakuna fundi, badilisha mashine.

*Madoa ya kahawia kwenye wembe.* Kutu. Tupa, kisha angalia unahifadhi wapi.

*Ukungu mweupe kwenye mashine.* Ni chokaa ya maji na sabuni, si kutu. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa dakika chache, sugua, suuza. Usiisahau humo usiku kucha ikiwa ni ya zinki.

*Vipele shingoni.* Acha kunyoa mpaka vitulie, na usivitumbue. Ukirudi, raundi moja, kufuata ndevu. Vikitoa usaha au kuacha makovu, mwone daktari wa ngozi.

*Damu haikomi.* Shikilia shabu iliyolowa bila kuinua kwa dakika moja nzima. Watu huchungulia kila sekunde tano, ndiyo maana haikomi.

*Nasafiri kwa ndege.* Mashine tupu kwa kawaida haina shida, ila nyembe haziruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi. Ziweke kwenye begi linalokabidhiwa, na kabla ya kutoka nyumbani fungua kichwa uhakikishe hakuna uliousahau ndani.